Kusomea Tiba ya Nyayo: Njia Zilizopo kwa Kijana wa Kajiado

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wahitimu wa kidato cha nne, wazazi na walezi wa Kitengela na Kajiado



Swali lililoleta mazungumzo haya ni fupi: kijana wa Kitengela au Kajiado akitaka kuwa mtaalamu wa nyayo, asomee wapi? Jibu lake si fupi hivyo, na kuna familia ambazo hulitafuta baada ya kulipa karo. Ni afadhali lisikike kabla ya ng'ombe kutoka bomani.

Kwanza, jina la kazi yenyewe. Kiswahili ni karimu mno kwa neno mguu. Mtu akisema mguu unamuuma, mhudumu wa afya hulazimika kuuliza tena: ni paja, goti, muundi au unyayo? Kazi inayozungumziwa hapa huanzia kwenye kifundo na kuishia kwenye ukucha wa kidole kidogo. Kitaalamu huitwa podiatria. Pembe hiyo ya mwili ni ndogo, lakini kila unyayo una mifupa 26, na juu yake hupita mishipa ya damu, neva na kano zinazobeba uzito wote wa mtu kila anapopiga hatua. Mtaalamu wa podiatria huchunguza vitu hivyo vyote. Hutibu vidonda, hukata sugu na kucha zilizoingia nyamani, hutazama mtu anavyotembea, na huagiza viatu au soli za ndani zinazoondoa uzito mahali palipoumia. Katika baadhi ya nchi hufanya pia upasuaji wa nyayo.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya nchi tajiri, za watu wanaolipa ili wakatwe kucha. Wasikilize habari za kisukari kwanza.

Sukari ikikaa juu mwilini kwa miaka, neva za nyayo huharibika na kufa ganzi. Mishipa ya damu nayo huziba polepole. Sasa mtazameni mchungaji mwenye hali hiyo akirudi kutoka soko la mifugo la Bisil. Mwiba wa mgunga unapenya akala. Mtu mwenye neva nzima ataruka, atakaa chini, atautoa. Huyu ataendelea na safari akiwa na mwiba ndani ya nyama, leo na kesho, hadi mtu wa nyumbani asikie harufu. Wengine humwita mzembe, na kumbe hakuhisi chochote.

Mjini hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Kitengela wakati wa mvua ni matope meusi, na gambuti huvaliwa alfajiri hadi jioni. Kijiwe kikiingia ndani ya gambuti la mtu mwenye ganzi, kitasaga ngozi siku nzima. Mwendesha bodaboda anaweza kuungua kwenye ekzosi asijue mpaka avue kiatu. Anayefanya kazi kiwandani Athi River akiwa amesimama zamu nzima hupata malengelenge, kisha kidonda, kisha huanza kununua krimu kwenye duka la dawa. Kitengela ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019, na kaunti nzima zaidi ya milioni 1.1. Katika umati huo, wenye kisukari wasiojua kuwa wanacho wamo pia.

Kuna takwimu za Kenya zinazofaa kukumbukwa. Madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta waliwachunguza wagonjwa wa kisukari 1,788 na kuwakuta 82 wakiwa na vidonda vya miguu, yaani asilimia 4.6. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Vidonda vingi kati ya hivyo vilitokana na ganzi, na ganzi ni jambo linaloweza kugunduliwa kwa dakika chache kabla kidonda hakijatokea. Miaka 2 baadaye, Siku ya Kisukari Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 14 Novemba, ilielekezwa kwenye utunzaji wa miguu. Ujumbe wake ulikuwa kwamba sehemu kubwa ya miguu inayokatwa kwa sababu ya kisukari ingeweza kuokolewa.

Maarifa hayo yalitoka mahali ambapo wengi hawatarajii: kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari Mwingereza Paul Brand alianza kazi Vellore, kusini mwa India, mwaka 1946. Wakati huo watu waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma huoza yenyewe. Brand alionyesha kwamba nyayo na vidole huharibika kwa sababu mgonjwa hahisi maumivu, basi hujiunguza, hujikata na kutembea juu ya kidonda bila kuchechemea. Maumivu, ambayo kila mtu huyakimbia, ndiyo yalinzi wa unyayo. Baadaye mafunzo hayo yalihamishiwa kwa wenye kisukari, na kiatu kikaanza kuhesabiwa kuwa dawa. Mtu anayekejeli kazi ya kutengeneza viatu hospitalini hajaelewa bado.

Sasa masomo. Huko Marekani shule ya kwanza ya taaluma hii ilifunguliwa New York mwaka 1911. Leo mwanafunzi wa nchi hiyo humaliza kwanza masomo ya chuo kikuu, kisha huingia chuo cha podiatria kwa miaka 4, kisha hufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi kwa miaka 3. Nchini Uingereza njia ya kawaida ni shahada ya miaka 3, na jina la kazi linalindwa na sheria: asiyesajiliwa haruhusiwi kulitumia. Karibu zaidi na nyumbani ni Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Johannesburg hutoa shahada ya podiatria ya miaka 4, na kwa miaka mingi ndicho kilichobeba somo hili nchini humo. Mwanafunzi hutibu wagonjwa kliniki akiwa bado anasoma, chini ya macho ya walimu wake.

Na Kenya? Anayefungua orodha ya kozi za KMTC, chuo cha umma ambacho kimekuwa kikifundisha wahudumu wa afya tangu 1927, hatakuta stashahada iitwayo podiatria. Wala hakuna baraza la usajili la wataalamu wa nyayo peke yao, kama lilivyopo la wauguzi au la maafisa wa kliniki. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu penye pengo la namna hii ndipo hujitokeza mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja, bango la rangi na cheti cha wiki sita. Mafunzo mafupi si mabaya. Muuguzi aliyesajiliwa akihudhuria mafunzo ya wiki moja kuhusu vidonda vya kisukari, amepata nyongeza ya maana. Ubaya ni kumuuzia mtoto aliyetoka kidato cha nne mafunzo hayo hayo na kumwambia kwamba sasa ni mtabibu.

Kwa hiyo katika Kenya kazi ya nyayo hufanywa na watu wa taaluma nyingine waliojisogeza huko. Njia ya kijana ni kuingia kwanza katika mojawapo ya taaluma hizo, asajiliwe, kisha ajielekeze kwenye unyayo.

Njia iliyo pana zaidi ni ya afisa wa kliniki. Yeye ndiye mgonjwa anayekutana naye kwanza katika vituo vingi vya kaunti hii. Akimaliza stashahada na kufanya kazi kwa muda, anaweza kurudi KMTC kwa stashahada ya juu, na mifupa ni mojawapo ya matawi yake. Uuguzi nao ni mlango mzuri, pengine mzuri kuliko inavyodhaniwa, maana kidonda cha mguu hakiponi kwa dawa aliyoandika daktari bali kwa mikono inayokisafisha na kukifunga mara kwa mara kwa wiki nyingi. Wanaopenda kutazama mwili unavyosonga wana fiziotherapia, ambayo ina sheria yake tangu 2014.

Kisha kuna kozi mbili ambazo wanafunzi wengi wa kaunti hii huzipita bila kuzitazama wanapochagua. Moja ni ya tiba ya mifupa na majeraha, ambayo watu huijua kama kazi ya plasta. Wataalamu hao ni sehemu ya huduma ya watoto waliozaliwa nyayo zikiwa zimepinda kuelekea ndani. Tiba inayotumika duniani ni ile ya daktari Ignacio Ponseti: unyayo hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta mpya kila wiki, mara nyingi wiki tano hadi nane, kisha kano ya kisigino hukatwa kwa tundu dogo, na mtoto huvaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma, hasa usiku, hadi afike miaka 4 au 5. Mtoto aliyewahiwa hutembea kama wenzake. Mjini Kajiado, kituo cha kanisa la AIC kimehudumia watoto wenye ulemavu wa viungo kwa miongo kadhaa, na kijana anayetaka kuona kazi ya namna hii kabla ya kuichagua hana haja ya kwenda mbali.

Kozi ya pili ni ya viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Hapa sayansi hukutana na karakana. Mtaalamu huchukua umbo la unyayo kwa plasta, hukata, huchonga, hupasha plastiki moto, kisha hukaa chini na mgonjwa kuona kama soli mpya inabana. Kijana aliyekuwa na alama nzuri za Fizikia na ambaye nyumbani ndiye anayerekebisha kila kitu kilichovunjika angefurahi hapa kuliko wodini. KMTC hufundisha kozi hiyo Nairobi. Kwa wakazi wa Loitokitok kuna chuo kingine upande wa pili wa mlima: TATCOT, kilichofunguliwa mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, Moshi, na ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Anayevuka mpaka pale Tarakea na kushuka kupitia Rombo yuko Moshi siku hiyo hiyo.

Kuhusu alama, stashahada za KMTC kwa kawaida huhitaji wastani wa C katika KCSE, pamoja na alama zilizowekwa za lugha, Biolojia na masomo mengine ya sayansi. Vyeti hupokea C-. Kila kozi ina masharti yake, na hubadilika, hivyo yasomwe katika tangazo la mwaka husika. Wazazi wa watoto walioingia Gredi ya 10 kuanzia Januari 2026 wajue kwamba mkondo wa sayansi, teknolojia na hisabati ndio unaoelekea huku. Maombi ya kujiunga na KMTC hupitia KUCCPS. Hayapitii kwa wakala, kwa binamu wa mwalimu, wala kwa mtu anayetaka kutumiwa pesa kwa simu ili ahifadhi nafasi. KMTC ina kampasi Loitokitok, lakini si kila kozi hufundishwa katika kila kampasi. Mwanafunzi aliyepata nafasi anaweza kuomba mkopo wa HELB, na basari za kaunti na za NG-CDF zipo kwa wanaostahili.

Je, yule ambaye moyo wake haukubali njia ya mzunguko, anayetaka podiatria kamili? Na aende, ila aende macho yakiwa wazi. Kabla ya kulipa chochote nje ya nchi kuna maswali mawili ya kuuliza kwa maandishi na kusubiri majibu kwa maandishi. La kwanza ni kwa mamlaka ya nchi anakokwenda: je, chuo hiki na kozi hii zinatambuliwa na chombo kinachosajili wataalamu wa nyayo? La pili ni la hapa nyumbani. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, KNQA, ndiyo inayotazama vyeti vya nje na kuvilinganisha na vya Kenya. Kuna pia Mamlaka ya Uangalizi wa Wataalamu wa Afya, KHPOA, iliyoundwa na Sheria ya Afya ya mwaka 2017, ambayo ndiyo ya kuulizwa habari za fani zisizo na baraza lake. Shahada nzuri isiyo na mahali pa kusajiliwa itamfanya mwenye nayo arudi kuanza upya, au abaki huko huko. Ng'ombe sita waliokwisha kuuzwa Bisil hawarudi bomani kwa sababu barua ilichelewa kuombwa. Karo nayo si gharama yote. Kuna viza, bima ya afya, nyumba na nauli, na mara nyingi hivyo ndivyo vinavyomkatiza mtu masomo mwaka wa pili.

Lipo jambo moja la kutia moyo, nalo limetoka Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wa Uholanzi na India hawakungoja vyuo vya podiatria vijengwe. Waliita watu waliokuwa tayari kazini, wawili wawili kutoka hospitali moja: daktari na muuguzi. Wakawafundisha kuchunguza miguu, kusafisha vidonda na kuwaelimisha wagonjwa, wakawapa vifaa, wakawarudisha makwao kufanya kazi. Baada ya mwaka wakawaita tena kwa mafunzo ya juu zaidi, wakiwa sasa na maswali yaliyotokana na wagonjwa wao wenyewe. Mpango huo uliitwa Step by Step, na nchi nyingine ziliuiga. Ubora wake uko katika ule uwili. Mtu mmoja aliyefunzwa akihamishwa, maarifa huondoka naye. Na muuguzi anayejua peke yake hushindwa pale anapohitaji sahihi ya daktari. Kwa kaunti iliyotawanyika kuanzia Magadi hadi Loitokitok, mfano huu unaonekana kufaa zaidi kuliko kungoja wahitimu wachache warudi kutoka ng'ambo. Unahitaji watu wenye usajili tayari, na hiyo ndiyo sababu ya kumsisitizia kijana aingie kwanza mlango ulio wazi.

Wahudumu wa afya ya jamii, wale CHP wanaotembelea nyumba kwa nyumba, nao wamo katika safari hii. Tangu Septemba 2023 walipoanza kupewa mikoba ya vifaa na serikali, kipimo cha sukari kimo ndani ya mkoba. Akija nyumbani apewe kidole, na aombwe atazame nyayo pia.

Kijana anayejiuliza kama kazi hii inamfaa anaweza kujijaribu jioni hii, kwa nyanya au babu mwenye kisukari. Kipimo hiki kilibuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza, na hakihitaji kifaa chochote. Mzee alale au akae miguu ikiwa wazi, afumbe macho. Kwa ncha ya kidole chako mguse taratibu, kwa sekunde moja au mbili bila kubonyeza wala kupapasa, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na kidole kidogo, mguu wa kulia na kisha wa kushoto. Kila akihisi aseme kulia au kushoto. Kisha tazama katikati ya vidole, kwenye kisigino na chini kabisa, mahali ambapo mzee mwenyewe hawezi kupaona. Huenda ikawa mara ya kwanza kwa mtu kumshika miguu tangu augue, na wengine huona haya; aombwe ruhusa kwa heshima, na maji ya uvuguvugu yawe karibu, yapimwe kwa kiwiko kabla ya kumnawisha. Anayeona kinyaa hapo amejifunza jambo muhimu kabla ya kulipa karo.

Mzee akikosa kuhisi vidole viwili au zaidi kati ya hivyo sita, apelekwe kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Akiwa na kidonda, wekundu au joto lisilo la kawaida, apelekwe siku hiyo. Na aende amevaa viatu anavyovaa kila siku, si vile vya kanisani, kwa sababu mhudumu atataka kuingiza mkono ndani yake.